Gaidi Uliyempa Sauti ya Shemeji Yako

Mdogo wangu uliyeniachisha ziwa,

Simu yangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona kabisa kwamba umeusoma, halafu kimya. Basi nakuandikia hapahapa mtandaoni, mbele ya watu wako wanaokushangilia, maana na wewe ulichotufanyia ulikifanya mbele ya watu. Jina lako la udijei wa kutafsiri muvi silitumii, hilo ni la huko huko Dar es Salaam. Mimi ninayemjua ni Deo wa kwa mama, Sumbawanga, aliyekuwa akiogopa jogoo mpaka darasa la tano.

Unaikumbuka ile sizoni ya zamani, ile ya kikosi cha kupambana na magaidi? Mama aliipenda kuliko taarifa ya habari, na Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. Tulikuwa tunakaa sebuleni, blanketi moja miguuni, upepo unapiga bati, mama anapukuchua mahindi. Wewe unapunguza sauti, unasimama pembeni ya runinga na bunzi mkononi kama kipaza sauti, unaanza kutafsiri. Ulikuwa kidato cha pili. Mkuu wa kikosi ataongea kwenye simu mpaka jasho limtoke, nawe unamwambia mama, "Anasema sawa." Mama anauliza, "Yote hayo ni sawa tu?" Unamjibu, "Mama, Wazungu wana maneno mengi."

Mimi nilikuwa yule mwanamke wa kompyuta. Ulinifundisha kusema "Afande, nimempata, anaelekea kusini," hata kama kwenye picha jamaa yuko juu ya ghorofa. Na waziri wao ulimpa sauti ya katekista wetu, ile ya kuvuta maneno utadhani anavuta ndoo kisimani. Jumapili iliyofuata ukamwamkia nje ya kanisa kwa sauti yake mwenyewe: "Shikamoooo, mwalimuuu." Alikutazama kidogo, kisha akaanza kutembea kama wewe ulivyokuwa unatembea na vile viatu vilivyokubana, akazunguka nusu ya uwanja. Watu walishika mbavu, na wewe ulicheka kuliko wote. Utani tuliolelewa nao ulikuwa huo. Unamwiga mtu akiwepo, naye anakurudishia palepale, mnaachana mkiwa sawa.

Nilipoolewa na Mhoja, wewe ndiye uliyefurahi kweli katika ndugu zangu. Wengine walinuna. Waliuliza Wafipa wote wameisha mpaka niende kwa Msukuma aliyehamia juzi na ng'ombe wake. Wewe ukasema umepata shemeji wa kutaniana naye, na mkataniana kweli. Yeye alikuita mlinzi wa ulezi, wewe ukamwita mkwe wa ng'ombe. Likizo nzima ulikuwa kwetu huku kijijini Kate, unashinda naye zizini, unaiga anavyoita watu kwa ile "wewe" ya Kisukuma: "Bhebhe, njoo hapa, bhebhe." Naye anakuiga ulivyomkimbia ndama mbele ya wasichana. Nilikuwa nasonga ugali huku nawasikia, nashindwa kujua yupi ni yupi. Nilijiona mwanamke mwenye bahati, mume wangu na mdogo wangu wanapendana hivi.

Kisha akafariki mwanetu Sayi. Wewe ulikuja na basi la kwanza. Ulichimba na wanaume wengine, na wakati wa kuzika ulisimama ubavuni kwa Mhoja, mkono wako begani kwake.

Wanaosoma hapa hawajui, kwa hiyo niwaeleze. Kwa kina Mhoja, mtoto akishaanza kutembea, baba yake anamshika mkono, anampeleka zizini na kumwonyesha ndama aliyemchagulia. Anamwambia kwa mdomo wake: ndama wako ni huyu, mtakua pamoja. Haifanyiki kwa sherehe wala kwa pombe, ni baba na mtoto tu. Sayi alikuwa anashika ukuta, anajaribu hatua, anakaa chini. Ndama alikwishachaguliwa, jike mwenye doa jeupe, tulikuwa tunasubiri miguu yake tu.

Ndipo Mhoja alipoinama pale kaburini akasema kwa sauti ya chini, "Bhebhe Sayi. Umenitangulia sijakuonyesha ndama wako." Akakohoa. "Sasa nimwonyeshe nani?"

Wewe uliweka uso wako begani kwake ukalia. Nilikuona. Katikati ya uchungu ule nilimshukuru Mungu kwa ajili yako, na nakwambia leo ili ujue nilikupenda kiasi gani.

Mwaka huu ikaja hiyo sizoni mpya. Wameitoa tumboni mwa ile ya zamani: kikosi kilekile, jengo lilelile la vioo, ila watu wapya watupu. Mama alikwenda kuwekewa kwenye flashi pale sokoni, akawatangazia majirani kwamba anayetafsiri ni mwanawe. Tukatoka Kate, mimi na Mhoja, tukaenda kwake Jumapili mchana tuitazame pamoja. Mama akauliza, "Yule mkuu wao wa zamani yuko wapi? Amehamishwa?" Nikamwambia ndiyo, wamehamishwa wote. "Hata yule wa kompyuta?" Hata yeye. Yupo mwingine mahali pake, na sauti umempa msichana nisiyemjua. Nilisikia wivu kidogo, nikaumeza. Kazi ni yako, na mimi niko mbali.

Halafu gaidi mkuu akafungua mdomo, na ndani ya mdomo wake alikuwa mume wangu.

Mama alinitazama. Mimi nilimtazama Mhoja. Yeye, Deo, alicheka. Sikiliza vizuri hapo, usije ukasema kwamba shemeji yako hana moyo wa utani. Gaidi anawaita vijana wake "Bhebhe, leteni waya," na Mhoja anapiga paja, anasema, "Shemeji amenipa bunduki. Akija nitampa jembe, atalima mpaka ajute." Tukacheka wote. Alikuwa anakusubiri uje akurudishie. Angekungoja hata mwaka mzima kwa furaha.

Tukafika kile kipande ambacho gaidi anamzika mwanawe. Kabila lake silijui, nchi yenyewe mchanga mtupu, hata jani huoni. Yule mwigizaji anapiga magoti, anasema maneno yake kwa lugha yao, na machozi yanamtoka kweli. Wewe ukamtafsiria: "Bhebhe, umenitangulia sijakuonyesha ndama wako. Sasa nimwonyeshe nani?"

Ukayavuta ili yachekeshe. Hata kile kikohozi chake kabla ya "nimwonyeshe nani" ulikiweka. Nyuma ya sauti yako niliwasikia wenzako huko studio wakicheka.

Mhoja aliinuka, akatoka nje, akachuchumaa kwenye pikipiki akawa anaminyaminya tairi, na tairi lilikuwa na upepo wa kutosha. Mama akasema kwa Kifipa nizime. Nilizima. Tulikaa mimi na yeye tukiangalia kioo cheusi, na chakula alichotupikia hakuna aliyekigusa.

Siku hiyohiyo nilikupigia, na hapo ulikuwa bado unapokea. Ulisema, "Dada, mbona mnachukulia hivyo? Ni utani wa shemeji tu." Nikakuuliza atakurudishia wapi, na wewe uko kwenye flashi. Ukacheka kidogo. Ukasema, "Kwani nani atajua ni maneno ya shemeji?" Kisha ukaongeza kwamba kipande kile ndicho kilichokupatia jina, kwamba watu wanakukatia vijipande na kuvisambaza, niwe na furaha kwa ajili yako.

Nani atajua? Kijiji kizima cha Kate kilikuwepo kwenye maziko. Wasiokuwepo wakaelezwa. Mhoja alipopeleka ng'ombe mnadani, mnunuzi mmoja akapaza sauti, "Gaidi, tuonyeshe ndama wako." Mnada ukaangua kicheko. Wengi wao hawana ubaya, waliona kwenye simu, wanarudia kama wanavyorudia kila linalovuma. Lakini mwanamume aliyekuwa akisikika kutoka upande mmoja wa mnada hadi mwingine, siku hizi anamnong'oneza mwenzake bei, mwenzake ndiye amsemee. Anakwenda kwenye kikao cha kijiji anakaa nyuma. Anaogopa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu kila anapoufungua watu wanamsikia yule mtu wako wa jangwani. Na kuna wajinga ambao hawataki hata kicheko. Wanasema wafugaji wote ndivyo walivyo, kwamba hata kwenye muvi imeonekana. Waliotununia wakati naolewa wamepata la kusema, na wamepewa na wewe.

Sikukwambia aliyoniuliza Mhoja, nilikuwa naona aibu kwa niaba yako. Nakwambia sasa. Tulikuwa tunapepeta ulezi, yeye kashika gunia. Akaniuliza, "Siku ile ya Sayi, shemeji alikuwa analia na mimi, au alikuwa ananisikiliza?"

Mimi, mwanamke niliyekubeba mgongoni, nisiyeshindwa kukutetea hata ulipovunja dirisha la padri, nilinyamaza kama sikuzaliwa nawe. Ndiyo maana nina hasira hivi, Deo. Umeniibia siku ile. Nilikuwa nayo moja tu, mbaya kuliko zote, na ndani yake kulikuwa na kitu kimoja kizuri, wewe ukiwa begani kwa mume wangu. Sasa nikiikumbuka naona mtu anachukua sauti.

Na kuna hili ambalo hulijui, kwa kuwa hupokei simu. Binti yetu ameanza kutembea. Ulimwacha wa kubebwa, sasa anakimbiza kuku. Ndama wake amechaguliwa. Wiki iliyopita Mhoja alimshika mkono asubuhi, wakaenda zizini, na mimi nikasimama nyuma ya banda nisikie, maana nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu Sayi. Walisimama mbele ya ndama. Mtoto akamwangalia baba yake. Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Akakohoa, akajaribu tena, kisha akamnyanyua mtoto, akauchukua mkono wake mdogo akauweka kwenye mgongo wa ndama, wakakaa hivyo bila neno. Mtoto alifurahi, hajui kilichokosekana. Mimi niliingia ndani nikalia mpaka nikaunguza maharage.

Kesho yake aliteremsha ng'ombe bondeni, kwa ndugu zake walioko Kaoze, kufuata malisho. Kila kiangazi anakwenda, lakini zamani alikuwa akipiga simu jioni ananisimulia mpaka salio linakatika. Sasa anauliza, "Mko salama?" Nikisema ndiyo, anasema sawa. Nilipomwambia nataka kukuandikia hadharani, aliniambia, "Andika. Ila usiniongezee maneno." Sikumwongezea. Niliyoyaandika ni yake, na kwa mara hii ameombwa ruhusa.

Usinitumie zawadi. Usinitumie watu wa kuniambia damu ni damu. Siwezi kukwambia uje, maana ukija sijui nitakupokea vipi, na sitaki kusema uongo mbele ya watu. Mama anakupikia moyoni kila siku, hilo unalijua, ila ile flashi ameitoa, ameiweka mahali ambapo hata mimi sijaonyeshwa.

Nasikia unaendelea kuitafsiri, na zimebaki sehemu mbele. Sijui Wazungu wamempangia nini yule gaidi, lakini kwa jinsi tulivyokuwa tukizitazama mimi na wewe, najua atauawa. Watu watakaa wanangoja aseme neno la mwisho wapate la kurudia mtaani. Ninakuomba kitu kimoja, na nakuomba nikiwa nimepiga magoti ingawa mimi ndiye mkubwa. Sauti ya mume wangu imeshazikwa mara moja kwenye hiyo kazi yako. Huyo mtu akifa, afe kwa sauti yako mwenyewe.

Ni mimi,
dada yako, mama yake Sayi.