Nyasi ya Pale Ulipotawadhia

Abti,

Allah akurehemu. Ni mimi Sahra, mpwa wako uliyemfundisha kutunza grini ya gofu. Nakuandikia nikiwa na hofu, na sina mwingine wa kumwambia.

Grini yetu inakufa. Ulipotuacha, meneja aliniuliza tupande nyasi gani pale penye shimo na bendera, tuachane na ule mchanga uliomwagiwa oili. Nilichagua benti, ile nyasi laini ya nchi za baridi. Niliiona mbichi, nyororo, ya kutamanisha, nikaichagua kama binti wa wafugaji nilivyo: nyasi nzuri ni ile mbuzi angeikimbilia. Na ulikuwa umenionya! "Sahra, hii si chakula ya mbuzi. Inakunywa maji gani? Uliza hiyo kwanza." Hata bermuda, ile nyasi ya nchi za joto, uliitilia shaka. Ulisema jua italiweza, lakini chumvi ya kisima chetu hukuwa na hakika nayo. Asiyesikia la mkuu, basi, malizia mwenyewe.

Wiki ya kwanza ilipendeza. Ya pili ikaanza kugeuka rangi ya ngamia. Nikaongeza maji, abti, nikaongeza chumvi juu ya chumvi. Sasa mizizi inang'oka kwa vidole viwili. Wachezaji wa kutoka Nairobi wanakuja mwisho wa mwezi ujao, na meneja amesema wazi: pasipo na nyasi, mchanga unarudi na mimi naenda nyumbani. Silali vizuri. Naamka nikidhani nimeacha mpira wa maji wazi.

Jana adhuhuri nilikwenda kutawadha pale kwenye mfereji wako, nyuma ya stoo. Unakumbuka ulivyorudi kutoka Ijara na gunia lililolowa, ukachomeka vipande vya nyasi vyenye mizizi pale maji yanapomwagika? Nilikucheka, nikakuuliza kama unajipandia zulia la kuswalia. Ukanijibu, "Ngoja tu." Basi imesambaa, fupi, imeshikana, inakunywa maji yale yale ya kisima. Miezi yote hii naikanyaga kila siku nikienda kulilia ile nyingine. Nilikaa chini pale pale, nikalia kwa hasira. Kwa nini hukuniambia moja kwa moja? Au uliniambia?

Kesho baada ya alfajiri nitaikata vipande na kuipanda kwenye grini. Sijui kama itashika kwa wakati. Sijui itavumilia kukatwa fupi kiasi kile. Naogopa pia kung'oa kitu chako cha mwisho kilicho hai.

Lakini nakuahidi, sitachukua yote. Pale mbele ya mfereji, miguu yako miwili iliposimama, jembe halitafika. Hii ya grini ikinifia, nitaanza tena kutoka hapo, na safari hii nitauliza maji kwanza.

Nabad gelyo, abti.

Sahra