Kila Siku Akifiwa Upya

Mtaa wa Malaz,
Riyadh.
9 Februari 2025

Mpendwa dada Ibtisam,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe, shemeji na watoto, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua uwe umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kulegea, na mafua yaliyomlaza mke wangu yamekwisha.

Arobaini ya mama yako imepita. Tulimsomea hitima hapa nyumbani, na Waunguja walikuja wengi, hata kutoka Jeddah. Kila mmoja alinisifu kwa jinsi nilivyomtunza shangazi. Sifa hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie, kwa sababu hazikuwa zangu, na kwenye simu nilikuficha.

Unajua miaka miwili ya mwisho shangazi alisahau mengi. Aliamini yuko Unguja na kwamba baba yako, Mzee Vuai, ametoka kidogo tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliuliza, "Vuai hajarudi?" Nami ni mwalimu wa falsafa. Nawafundisha vijana Zama za Mwangaza, pale wanafalsafa wa Ulaya walipotaka akili itawale badala ya mazoea na hofu. Niliona ni wajibu wangu kumwambia ukweli.

"Shangazi, hapa ni Riyadh. Mzee Vuai alifariki, mwaka wa tisa huu."

Alilia kama mtu aliyeletewa habari saa ile ile. Kesho yake akauliza tena, nami nikamjibu vile vile.

Risper, binti wa Kisumu tuliyemwajiri kumwangalia, hakufanya hivyo. Yeye alimwuliza Vuai akija atakula nini, basi wakapika pweza wa nazi kwa maneno matupu, shangazi akicheka. Siku moja nikamgombeza kwamba anamdanganya mzee.

"Simdanganyi, baba," alinijibu. "Naenda tu pale aliko. Wewe kila siku unamfanya afiwe upya."

Nikamwambia kazi yake ni dawa na chakula, halas, basi.

Mwezi wa Novemba nilikwenda Jeddah kwenye semina ya walimu. Nilitarajia mhadhara wa kuisifu akili. Mhadhiri, mama wa makamo, akatueleza kwamba wanafalsafa wale wale waliishughulikia sana nguvu ya kuwaza, ile inayotuchorea moyoni kitu tusichokiona. Wapo walioiogopa, wakisema huzaa ushirikina. Lakini Mjerumani mmoja aliona kwamba bila hiyo hata ujuzi wetu haushikamani, na Mskoti mmoja alifundisha kwamba huwezi kuufikia uchungu wa mwenzio mpaka ujiwaze uko mahali pake.

Mambo haya nimeyasoma tangu ujana, dada. Nimeyasahihisha kwenye mitihani! Lakini pale kitini nilimwona shangazi akilia, ameshika pindo la kanga, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza ingekuwaje mimi niambiwe leo hii kwamba mke wangu amekufa, na kesho niambiwe tena. Sikuweza kukaa. Nikatoka nje.

Kesho yake nilipanda ndege nikarudi. Niliingia chumbani kwake, nikapiga magoti, nikasema, "Shangazi, Vuai kaenda sokoni. Anakuja."

Alimshika Risper mkono. "Mtoe huyu," akasema. "Huyu ndiye mtu wa habari mbaya."

Nilijaribu tena siku nyingi. Jina langu lilikuwa limeshamtoka, na udugu wetu pia. Ilibaki hofu peke yake. Nikiingia, alijifunika uso. Basi wiki zake za mwisho nilimhudumia nikiwa nje ya mlango. Nilimpokeza Risper sahani, kisha nikasimama pale kuwasikiliza wakizungumza. Nilikuambia alikata roho mikononi mwangu. Si kweli. Alikuwa mikononi mwa Risper.

Risper nimemwomba radhi. Alinijibu kwamba yeye hana neno, ila aliyestahili kuombwa si yeye.

Mama yako, Bi Wahida, hayupo tena, kwa hiyo nakuomba radhi wewe. Usiharakishe kunijibu. Ukipiga simu, omba kwanza kuzungumza na Risper. Yeye ndiye aliyeyasikia maneno ya mwisho ya mama yako, nami mpaka leo sijathubutu kumwuliza.

Nisalimie shemeji Makame, Zuleikha na Nassor, na wote wanaoniulizia. Mwenyezi Mungu ampe mama kauli thabiti, na wewe akupe subira.

Nduguyo akupendaye,
Faris