Cheti Kimeshonwa na Hirizi

Jumatatu, 3 Shaabani. Rumonge.
Swala, uji, kukohoa. Kama kawaida. Hakuna askari wa Mdachi wa kunisimamisha mimi. Uongo. Kanisimamisha asubuhi hii, nimetia tu mguu mchangani kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, kanzu inachuruzika. Anataka cheti. Atokaye kwa Mbelgiji lazima awe nacho, chenye muhuri.
Ninacho! Mwalimu wetu alikishona ndani ya ngozi kisilowe. Siku ile ile akanishonea na hirizi. Ngozi moja, uzi mmoja. Kimoja kiko mkono wa kulia, kingine kushoto. Kipi ni kipi? Sijui. Alivyokuwa anashona mimi nasinzia.
Binti yangu Zuhura kajifungua Gitaza. Ijumaa mutoto anapewa jina. Mtoa jina ni mimi.

Jumanne, 4
Askari anaitwa Feruzi. Mmanyema, Muislamu. Nikamnyooshea mikono, kata. Akaruka nyuma.
“Mzee, nikate maneno ya Mungu? Kata mwenyewe!”
Naogopa. Hirizi ikifunguliwa imekufa, na njia ya Gitaza ina mamba.
Akauliza mimi mtu wa nani. Nimezaliwa Ujiji, leo ni ya Mdachi. Nakaa Baraka, leo ni ya Mbelgiji. Nilipozaliwa wote wawili hawakuwepo. Nikajibu, mtu wa mama yangu. Hakucheka. Kichwa kinaniuma. Hata mimi sijui tena.

Jumatano, 5
Nimechoka kuchekwa. Mama Siwema, muanika ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, kapiga kelele ufuo mzima usikie: “Babu kavaa dini mkono huu, serikali mkono ule!”
Nikakata wa kulia. Wino wa zafarani. Maneno ya Mungu. Basi, imekufa.
Nikakata wa kushoto. Cheti. Muhuri unang'aa, jina limeliwa na jasho. Feruzi kakigeuza juu, chini, juu. Eti hapa hakuna mtu.
Nilikaa chini. Nililia kidogo, wasione.
Mama Siwema kaja na ungo kiunoni. “Feruzi, mwache. Huyu baba yake Zuhura wa Gitaza. Tazama hiyo pua.” Feruzi katazama pua. Kaniambia nenda.
Mbona hukusema tangu juzi, mama?
“Hukuniuliza, babu.”
Muhuri umekataliwa, pua imekubaliwa. Sielewi kitu.

Alhamisi
Kutembea. Miguu mibaya. Mamba sikumwona. Naye labda hakuniona.

Ijumaa, 7. Gitaza.
Nimefika jua limeinama. Nimechelewa. Mbuzi kaliwa, nimebakiziwa shingo.
Walidhani ziwa limenichukua. Mkwe wangu alishanisomea na dua ya maiti, kisha mutoto wakampa jina langu.
Nilikuja na jina jingine, zuri. Nimelimeza.
Zuhura kaniwekea mutoto mapajani. Mzito. Ananuka maziwa. Wakiita jina tunageuka wawili, yeye kwa macho tu.
Mkwe yuko nje anachonga kasia. Kanizika bila kuniuliza. Basi na anitolee huu mwiba wa kisiginoni, kabla hakujawa giza.