Sheria ya Kumsaidia Aliyeanguka

Jumapili, 1 Agosti 1976
Tena kwa Drani, Old Kampala, baada ya misa. Chai bila sukari, wiki ya tatu sasa. Mchezo wetu Drani aliutoa ng'ambo alikosoma: karatasi, penseli, dadu za nyuso nyingi. Yeye anasimulia, sisi tunapigana mezani. Kila mtu ana shujaa wake. Wangu anaitwa Chuma.

Leo Chuma ameanguka darajani, majoka mawili juu yake. Shujaa wa Kizza alikuwa hatua moja tu. Akaendelea kufungua sanduku lake la dhahabu. Eti zamu yake ni yake. Mulumba, yule Mkongo anayeuza vitenge, alikuwa mbali, asingefika. Chuma amekufa. Miezi mitano nimemlea. Kizza akacheka. Mwalimu mzima wa hesabu.

Simpendi. Sijawahi kumpenda.

Jumanne, 3 Agosti
Bosi alipokwenda kula nimeandika sheria zetu wenyewe, maana kitabu cha Drani hakisemi kitu juu ya kusaidiana. Mashine ya taipu ya ofisi. Nakala nne kwa kaboni. Mwenzako akizingirwa na adui, aliye karibu lazima aache kazi yake, ashambulie, amtoe. Anayekataa anapoteza zamu mbili.

Hiyo ya mwisho ni ya Kizza. Niligonga nukta mpaka karatasi ikatoboka.

Jumapili, 8 Agosti
Ugomvi. Kizza alisoma karatasi yangu kwa sauti ya darasani, kisha akasema, "Msaada wa kulazimishwa ni amri. Amri tunazo za kutosha huko nje."

Drani akainuka akafunga dirisha.

Nikamwambia mwoga hakosi maneno. Drani akaamua: anayetaka kusaidia aache zamu yake, arushe dadu. Kumi na moja kwenda juu, aliyeanguka anasimama. Chini ya hapo, wote wawili wanaumia. Hakuna kulazimishwa.

Nimeshindwa. Kizza akakunja nakala yake, akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko huku ananitazama. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimwombea mabaya.

Jumatano, 11 Agosti
Mulumba alikuja dirishani kwangu ofisini, jasho linamtoka. Kizza amekamatwa tangu Jumatatu. Kizuizi cha askari, karibu na kwake Kansanga. Wakapekua mfuko wa shati.

Adui. Kuzingirwa. Ashambulie. Sikuandika neno mchezo popote. Sikuandika.

Wanataka kujua nani alipiga taipu. Herufi m ya mashine yangu inaruka juu ya mstari. Atakayeshika barua yoyote ya ofisi hii atajua. Sikumfikiria Kizza kwanza. Nilijifikiria mimi. Halafu nikamchukia zaidi. Kwa nini hakuitupa?

Alhamisi, 12 Agosti
Drani amekimbilia kwao Arua. Dadu ameziacha kwa Mulumba, bila hata salamu. Huyo ndiye aliyekuwa anatuamulia nani jasiri.

Nimemwambia Baba yote, na kwamba kesho nakwenda kwa askari kusema ukweli. Sajini mstaafu, miaka ishirini na mbili katika polisi. Hakupiga kelele. Aliendelea kupaka viatu rangi.

"Huyo mtu unampenda?"

"Hapana, Baba. Hata kumwona sitaki."

"Sasa unakwenda kwa nini?"

Nikasema karatasi ni yangu. Mama akalia, akaficha viatu vyangu. Baba akavitafuta akavipaka rangi navyo.

Ijumaa, 13 Agosti
Afande wa pale alikofungwa Kizza aliwahi kukaa kambi moja na Baba. Ndiyo sababu mimi na Baba tuliingia mlangoni na kuketi. Nikamwaga mezani dadu nilizochukua kwa Mulumba. Nikasema ni mchezo tu, afande, na karatasi niliiandika mimi. Akazigeuza moja moja.

"Hii mchezo? Basi cheza. Mimi naona."

Wakamleta Kizza. Jicho moja limefumba. Mkono wa kulia umevimba, vidole havikunjiki. Hakunitazama. Wakamkalisha.

Nikasimulia mimi, kama Drani. Pango, majambazi sita. Sauti yangu siitambui. Afande akataka shujaa wake naye, akampa bunduki. Nani wa kumkatalia? Akaua wanne. Kizza alirusha dadu kwa mkono wa kushoto. Shujaa wake akaanguka.

"Sasa nani nasaidia huyu?" afande akauliza. Akatutazama mmoja mmoja. Baba alikuwa anatazama ukuta.

Nikasema mimi. Nikarusha. Nne.

Nilitaka kusema uongo. Afande alikuwa ameinamia dadu, anaiona. Nikasema, "Wote wawili wanaumia."

Akacheka mpaka akafuta macho. Akasoma karatasi yangu tena, akaichana, akazoa dadu zote, eti za watoto wake. "Chukua huyu mjinga yako. Nisione tena."

Tulimfikisha Kizza kwake, na njiani kurudi Baba alinieleza alichoambiwa na afande. Siku zote hizo Kizza alisema karatasi ni yake, ameipiga taipu mwenyewe shuleni. Jina langu hakulitaja.

Nani alimwomba? Nimekasirika kuliko siku ile ya daraja. Sasa nitamchukiaje kwa raha?

Jumatatu, 16 Agosti
Mulumba amefunga kibanda chake, amerudi Bukavu. Ofisini bosi alisema barua zangu zina makosa. Kweli.

Jumapili, 22 Agosti
Baba alimwita Kizza kula. Mimi sikuulizwa.

Ugali wa posho na maharage. Mkono wake bado una bandeji. Alijaribu kumega kwa kushoto, posho ikamponyoka mara mbili. Watu wote walitazama sahani zao. Nikamega yangu vipande vidogo, nikavipanga upande wake, nikaendelea kula. Akavila.

Mama akazungumza habari ya mvua, na mahindi ya jirani yaliyolala. Kizza akasema hata Kansanga imenyesha. Mnamo saa tisa akaaga.

Nimeosha vyombo. Nje bado kuna manyunyu.