Ubavu wa Kushoto

4 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na mgongo wako leo umekuruhusu kufunga viatu bila kugombana nao. Mimi ni mzima, ila nimechoka uchovu ule wa kukaa kitandani na buti miguuni nikijiuliza nivue kipi kwanza. Wiki hii nimezunguka kwa wafugaji kumi na tisa. Ng'ombe watatu wamenipiga teke, mmoja kwa makusudi kabisa, nilimwona machoni.

Pikipiki uliyonitengenezea inanivumilia. Mtungi wa mbegu za kupandishia ng'ombe naufunga ubavu wa kushoto, sanduku la dawa nyuma, na mimi mwenye pikipiki nabanwa katikati kama mgeni.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yako ya mwezi. Nimefanya kama walivyokuwa wakifanya wateja wako wa mbali: nimefuta tope, nimelaza karatasi juu ya tairi la nyuma, nimesugua penseli mpaka meno yakatoka kijivu na mifereji ikabaki myeupe. Nimefanya mbili, moja nimebaki nayo. Mtunza stoo wetu hatoi tairi jipya mpaka athibitishiwe kwamba la zamani limeisha, na mimi macho yangu ni ya ng'ombe, si ya matairi. Nina hofu kidogo, maana mvua zinakaribia na ile kona ya kushukia mtoni haina huruma. Sema wewe, nibadilishe au bado?

Ningekupigia simu, lakini ile niliyokununulia umeifungia kabatini eti vitufe ni vidogo. Basi tuendelee kumsumbua dereva wa lori la maziwa atubebee barua.

Mwanao,
Mziwanda


17 Februari

Mwanangu Mziwanda,

Marahaba, na pole kwa mateke. Mimi sijambo, kwa kadiri mzee anavyoweza kuwa hajambo. Nakula, nalala, nafungua karakana, nafunga karakana. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu. Kelele za mashine yake ndizo redio yangu.

Karatasi yako nimeitazama. Tairi bado lina maisha. Kumbuka nilivyokufundisha: chini ndani ya mifereji kuna vinundu vya mpira. Siku meno yakiliwa mpaka yakalingana na vinundu hivyo, hapo hakuna mjadala, toa tairi. Pima upepo asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi. Upepo ukipungua, tairi linaliwa kingo zote mbili. Ukizidi, linaliwa katikati. Hilo lako linakwenda sawasawa, halina neno. Endelea nalo mpaka mvua zipite.

Nimeibana ukutani pamoja na zile nyingine. Samahani kwa mistari inayopanda mlima, mguu wa meza umelegea.

Ni mimi baba yako,
Mzee wa Matairi


23 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana.

Nilianguka Jumanne, kwenye kona ileile ya mtoni. Mvua ilikuwa imekatika, nilikuwa nakwenda taratibu, nikalaza pikipiki kushoto kidogo tu kama kila siku, na gurudumu la nyuma likaondoka chini yangu. Kifundo cha mkono wa kushoto kimeteguka. Mtungi ulibingirika mpaka majini. Mama mmoja mwenye ng'ombe wawili tu alinisubiri kutwa nzima, na siku ya ng'ombe wake kupandishwa ikapita. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Walinisukumia pikipiki hadi kwa fundi wa njia panda. Akapitisha kiganja juu ya tairi, akacheka. "Dada, hili tairi lina upande mmoja tu. Kulia lina meno, kushoto ni kipara cha babu yangu." Anasema kosa ni la mtungi, uzito wote naulalia kushoto.

Nikatoa nakala yangu ya Februari. Baba, kushoto ni kijivu kitupu, hakuna hata mstari mmoja mweupe. Mtunza stoo, ambaye nadhani hata tairi na sinia hatofautishi, aliona papo hapo. Na wewe, uliyekuwa ukikaa mlangoni ukimpigia kelele dereva anayepita kwamba gurudumu lake limekaa upande, hukuona?

Nina hasira na sitaki kuificha. Nadhani hukufungua bahasha. Nadhani umezichoka karatasi zangu kama mimi nilivyoichoka barabara hii, ukaandika maneno ya kunituliza. Huku niko peke yangu, Baba. Kitu pekee kilichokuwa kinanipa moyo kwenye ile kona ni kwamba wewe umeshaliangalia tairi. Kama umechoka kuniangalia, niambie tu, nitafute mwingine.

Mwanao


20 Aprili

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mkono wangu unapona. Tairi jipya nimepewa, lakini bado liko stoo, sijapata nguvu ya kulifunga. Natembea kwa miguu kwa wafugaji wa karibu tu, wa mbali wananilaani, na wana haki.

Mwezi mzima umekaa kimya. Dereva wa maziwa anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua. Kama ni hasira, niambie una hasira. Kimya hiki siwezi kukibeba juu ya mengine yote.

Mziwanda


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na salamu nyingi. Utauona mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze neno wala asiongeze. (Sijaapa chochote, binti yangu. Ila nitaandika kwa uaminifu. Pole sana na mkono.)

Barua yako sikuifungua siku ile kwa sababu nisingeweza kuisoma. Ndiyo hivyo. Macho yangu, mwanangu, yamekwisha katikati. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo, naona masikio yake. Mwaka wa pili sasa. Daktari aliniambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinamfuata mwenzake. Barua zako za nyuma nilikuwa nazisoma kwa kuzipeleka pembeni ya jicho, neno moja moja, siku nzima kwa ukurasa. Hii ya Machi ikanishinda. Nikakaa nayo mfukoni wiki tatu, mwisho nikapeleka mlango wa pili nikasomewa. Nililia mbele ya mashine ya kushonea. (Kweli alilia. Nami pia.)

Karatasi yako ya Februari niliishika dirishani nikaona kijivu. Nikasema moyoni, tairi la mwanangu linakwendaje, likawa linakwenda ninavyotaka liende. Nikakuandikia. Meza haina mguu uliolegea.

Sasa sikiliza neno zito zaidi. Fundi wa njia panda kasema kosa ni la mtungi. Ningeweza kumwacha na mtungi wake, mtungi haujibu mtu. Wewe ungeufunga kulia, ungevaa tairi jipya, na baada ya muda lingekuwa na kipara palepale, na kona ni ileile. Si mtungi. Ni mimi. Gurudumu lako halijanyooka.

Unakumbuka kwenye mikono miwili inayoshika gurudumu la nyuma kuna mistari midogo iliyochorwa, kulia na kushoto, na ekseli inatakiwa ikae mstari uleule pande zote? Zamani nilikuwa naiona kwa jicho moja nikiwa nimesimama. Pikipiki yako niliipima kwa ukucha, nikihesabu mistari kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Nimekaa nikifikiri, nikakumbuka rangi. Ile mikono nilikupakia rangi mwenyewe, ile ya buluu ya mlango wa mama yako, kwa sababu nilitaka uondoke na kitu cha nyumbani. Nilipaka kwa kukisia, nikapaka nene. Nina hakika rangi imeziba mstari mmoja, na ukucha wangu ukauruka, ekseli ikakaa upande.

Chukua uzi mrefu. Uzungushe gurudumu la nyuma, uulete mbele pande zote mbili, uuvute uwe kama waya. Utaona. Usipande mpaka unyooshe.

Karakana nimeifunga. (Hakuifunga. Wateja wameacha kuja, naye anakaa ndani. Ameniambia nifute, sifuti.) Karatasi usilete tena.

Nisamehe, mwanangu. Si kwa macho. Kwa kunyamaza.

Baba yako


20 Mei

Shikamoo Baba, na shikamoo Mzee fundi cherehani unayemsomea,

Natumaini wote wawili hamjambo na mmeshapatana kuhusu mabano.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda kukaa nyuma ya stoo, kwenye magunia ya chumvi ya mifugo, nikakasirika upya. Sikukasirikia rangi. Nimekasirikia miaka miwili uliyonificha. Nimekuletea karatasi ishirini na mbili za kutazamwa na mtu asiyeona, na wewe ukazibana ukutani zote. Ulifikiri ningekufanya nini? Ningeacha kukuandikia?

Halafu nikaenda kwenye pikipiki na sindano ya ng'ombe. Upande wa kushoto, mstari wa tatu. Rangi imejaa mpaka juu, laini kama ukuta. Niliichokoa ikatoka kipande kimoja. Nilivuta uzi, nikaona kwa macho yangu, kushoto uzi unagusa gurudumu la mbele na kulia unapita hewani. Nimenyoosha. Nilitumia saa tatu na matusi kadhaa niliyoyasikia kwenye karakana yako nikiwa mdogo. Tairi jipya liko mahali pake, nimeshapita kona ya mtoni mara sita. Mama mwenye ng'ombe wawili amepandishiwa wake.

Umesema nisilete karatasi, sileti. Kwenye gunia hili dogo kuna kipande cha tairi la zamani, urefu wa shibiri, nimekikata kwa msumeno wa chuma mpaka malengelenge yakanitoka. Upande wenye uzi mwekundu ni kushoto. Fundi wa njia panda kaninyooshea gurudumu? Hapana. Kanisomea tairi? Alicheka tu. Mimi nataka kujua lilikuwa na nini kingine, maana nitalivaa hili jipya mwaka mzima.

Una vidole. Nisomee.

Mwanao,
Mziwanda


9 Juni

Mwanangu Mziwanda,

Marahaba mara nyingi. Sisi wazima. Mwandishi wangu amepigwa marufuku mabano. (Haya.)

Gunia lilifika Ijumaa. Nililiweka chini ya kitanda siku mbili, sikutaka kulishika. Jumapili nikafungua mlango wa karakana, nikakaa kwenye kiti changu, nikalilaza juu ya goti.

Kwanza lina umri. Kati ya meno nimepata nyufa ndogondogo, mpira umekauka. Lilikuwa limekaa karakanani kwangu miaka mingi kabla sijakufungia, nami sikusoma tarakimu nne za ubavuni zinazosema wiki na mwaka lililotengenezwa. Hilo jipya zisome mwenyewe. Hata lenye meno marefu, likizeeka halishiki barabara.

Pili, meno yana ncha upande mmoja na upande wa pili yameviringika. Unakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu na kwa kuchelewa, mtu mwenye hofu ya kona. Anza kupunguza mwendo mapema, na ya mbele itumie, haitakuuma.

Kisha nikaweka kidole gumba kwenye uzi mwekundu. Hakuna kitu. Laini mpaka chini, vinundu vyenyewe vimeshaliwa. Fundi cherehani alinizimia mashine yake.

Halafu nikaenda kulia, na hili ndilo nililotaka uandikiwe hata kama mengine yangepotea njiani. Upande wa kulia umeliwa taratibu, jino kwa jino, sawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande. Hakuna shimo, hakuna bonde. Huo ni upepo uliopimwa kila asubuhi, siku za mvua na siku za uchovu, na mtu aliyeruka mawe kwa akili. Nimeshika matairi miaka arobaini na moja, na machache yamenipita mkononi yakiwa hivyo. Nilipokuwa na macho nilikuwa natafuta kosa tu, sikuwahi kukuambia.

Ubavu wa kushoto ni wangu. Wa kulia ni wako.

La mbele likiisha, ulete mwenyewe. Na huo mkono ulioteguka uje nao, niushike nione ulivyopona.

Baba yako