Supu Niliyokutumia

Somo yangu Mwanaidi,

Tatu amevunja ungo. Ilikuwa Jumanne asubuhi, anajiandaa kwenda shule, akaniita chumbani kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. Nilimkumbatia, nikamwambia asiogope, nikampa alichohitaji, kisha nikatoka uani nikajifanya naanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi. Nililia, Somo. Mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe, na namba yako bado sijaifuta.

Huu ni mwaka wa pili tangu uondoke. Mtaa wetu wa Picha ya Ndege usingeutambua. Pale ulipokuwa ukikaa kunisubiri nifunge kibanda pamejengwa fremu za maduka, na mwenye kiwanja amezungusha ukuta. Mimi bado napika: supu asubuhi, wali mchana, na nikiitwa kupeleka chai kwenye semina nakwenda. Chai hiyo ndiyo iliyonifanya nikae leo nikuandikie, lakini subiri, nitafika. Unajua sijawahi kusimulia jambo nikalinyoosha.

Nakukumbuka pale nilipokuwa mwali kwa bibi, Kisarawe. Na wewe ulikuwa msichana tu, umeolewa mwaka uleule. Wakubwa wakasema huyu bado mdogo kuwa somo. Bibi akang'ang'ania, akasema una mkono mwepesi na humsengenyi mtu. Ulikuwa unaniletea korosho za kuchoma umezifunga kwenye pindo la kanga, na masizi yake yakinibaki mdomoni unanifuta kwa mate kabla bibi hajaingia. Ulinifundisha kujisafisha, kujitunza, kusema na mume bila kujikunyata. Siku ya kutolewa nje nilitetemeka mpaka shanga zikawa zinalia kiunoni. Ukaniambia, "Simama tu. Wakishakuona umesimama, hawana la kukufanya."

Kisha ukapewa talaka, mama yako akaanza kuugua, ukawa unapeleka mihogo yako kuuza Mlandizi. Baadaye ukawa huuzi mihogo tu. Hukunificha. Ulikuja jikoni kwangu, ukavuta kigoda, ukachukua vitunguu saumu ukaanza kunimenyea, ukasema, "Mwali wangu, mimi siku hizi najiuza." Hukutafuta neno la kulifunika. Mimi ndiye niliyetafuta pa kuweka macho.

Kisarawe walipojua, hakuna aliyekuita tena kukaa na mwali. Walikusalimia, wakanunua mihogo yako, lakini binti zao wakawatafutia wengine. Kwa hiyo nikabaki mimi peke yangu, mwali wako wa kwanza na wa mwisho. Ulilisema hilo kwa kucheka, nami nikacheka na wewe, Mungu anisamehe.

Unakumbuka ile siku redio ilikuwa ikijadili kama biashara yenu ihalalishwe, wanawake waandikishwe, wapewe kadi na kupimwa? Nilikuuliza wewe unaonaje. Uliendelea kumenya, ukafikiri kweli, kisha ukasema, "Kadi sijui. Labda ingesaidia, labda wangenitambua nayo mpaka kaburini. Mimi nataka kitu kimoja. Nikipigwa, mtu asiniulize nilikuwa natafuta nini pale."

Na ukapigwa. Naandika hapa polepole, univumilie.

Ulinipigia saa nne asubuhi. Mwanamume amekuumiza gesti, mbavu zinakuuma hata kupumua, hospitali wanataka fomu ya PF3, na fomu inatoka polisi. Ulisema, "Nisindikize tu, mwali wangu. Ukae pembeni yangu, usiseme kitu." Mama mkwe alikuwa sebuleni. Alifika siku hiyohiyo kutoka shambani kwake Mlandizi, na watu wa Mlandizi walikuwa wanakujua. Nikakwambia nina mgeni. Nikajaza hotipoti supu, nikampa bodaboda akuletee.

Ulikwenda peke yako. Waliokuwa zamu siku ile wakakuuliza ulikuwa unatafuta nini pale, mmoja akacheka, ukarudi bila fomu. Mbavu zikajiunga zenyewe, vibaya, ukawa unalala ubavu mmoja. Wiki mbili baadaye ukanirudishia hotipoti imesuguliwa mpaka inang'aa, ukasema supu ilikuwa na ndimu ya kutosha. Basi. Hukuniambia neno jingine. Ungenitukana, Somo, leo ningekuwa na nafuu.

Homa ya mapafu ilipokuchukua, nilikuja Kisarawe na mama mkwe. Nilimwambia ni ndugu wa upande wa mama yangu. Tukakaa kwenye mkeka na wanawake wengine, na kwa minong'ono yao akaelewa ni msiba wa nani, akajivuta pembeni kidogo. Shangazi yako akatoka chumbani walikokulaza, amejifunga kanga kifuani, mikono imeshalowa. Akauliza, "Mwali wake yupo? Kama yupo aingie ashike maji." Nilitazama mkeka. Akauliza mara ya pili. Nikahesabu mistari ya ukili, mwekundu, wa kijani, mwekundu. Akarudi ndani na mabibi wawili, wakakuosha watu ambao hukuwahi kuwafundisha chochote.

Tangu siku hiyo sina raha na maji. Nikichota, nakuona.

Sasa nije kwenye chai. Mwezi uliopita asasi moja iliita watu kwenye ukumbi mmoja Mkuza, wajadili jambo lilelile la redio. Nilipewa kazi ya chai na maandazi. Nilikuwa napita na chupa kati ya viti huku nasikiliza. Mwanasheria mmoja mama akasema kazi hii ikiwa halali, mwanamke ataweza kushtaki anapodhulumiwa. Nikamwona ana haki. Mfanyabiashara akasema watengewe eneo lao kama wamachinga, nikatamani kummwagia chai kidogo. Muuguzi akasema wengi wanaogopa kufika kliniki. Shehe mmoja mzee, mpole, akauliza, "Tukisema ni kazi kama kazi nyingine, binti yangu nitamwambia nini?" Na huyo nilimwelewa, Somo. Nina Tatu.

Ila ukumbi mzima hapakuwa na mtu aliyemtaja hata mmoja wenu kwa jina. Ilikuwa "hao", "wale", "kundi hili". Nikawaza wanakuzungumzia kama mzigo uliokwama njiani, wanabishana nani auondoe. Mwenyekiti akauliza kama yupo mwenye neno la mwisho. Nilikuwa nimesimama tayari, nina chupa mkononi. Nikaiweka chini.

Nilisema mimi ni mpishi, sheria siijui. Nikasema, "Mmoja wa hao mnaowasema aliitwa Mwanaidi. Alikuwa somo yangu. Mwali wake ni mimi." Nikawaeleza ulichosema jikoni, kwamba hukuomba zaidi ya kutoulizwa ulikuwa unatafuta nini pale. Nikawaeleza na supu. Sikutaka waondoke wakidhani polisi ndio peke yao waliokufungia mlango, wakati wa kwanza kuufunga nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama, na ulisema kweli, hawakuwa na la kunifanya.

Yule shehe ndiye aliyejibu. Hakubadili msimamo wake, lakini aliinua mikono akasema Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanaidi, na ukumbi ukaitikia amina, hata yule wa wamachinga. Kwa jina lako, Somo, mchana, mbele za watu. Baada ya hapo wakaandika mambo yao kwenye makaratasi makubwa, wakapiga picha, wakaondoka. Sheria ipo vilevile. Sijui kama itabadilika, na nikiulizwa leo ibadilike vipi, bado nitasema sijui. Ninachojua ni kile ulichokitaka.

Habari ilimfikia mama mkwe kabla sijamaliza kuosha vikombe. Tatu alipovunja ungo, akaja na begi lake, akasema somo atamtafuta yeye, mtu wa heshima, Mlandizi. Nikamwambia, "Shikamoo mama, lakini Tatu atafundishwa kama nilivyofundishwa." Akafunga begi lake. Siku tatu begi limekaa mlangoni na mwenyewe hajaondoka. Jana nilipika kisamvu cha nazi kwa njia yako, akala, akaongeza. Baba Tatu ananitazama kama mtu aliyeoa upya na hajui aanzie wapi. Sijui itaishaje.

Nimewaza sana nani awe somo wa Tatu. Namtaka aliyekuwa na korosho kwenye kanga, na hayupo. Natamani ungeingia kwa ule mlango wa jikoni, uvute kigoda, umwite, na mimi nifukuzwe nje kama desturi. Ningekaa uani nisikie mnacheka. Sitaki kingine.

Nimemwomba binti wa shangazi yako, amekubali. Lakini kabla ya yote, Ijumaa hii nakuja Kisarawe na Tatu. Tutabeba jembe na ndoo. Nitapalilia kaburi lako, kisha nitashika maji, ingawa safari hii ni ya kunyunyizia udongo wako tu. Nitamwambia Tatu hapohapo wewe ni nani na ulifanya kazi gani, bila neno la kufunika.

Kuna jambo sijakwambia. Siku ile ya ukumbi, watu wakitoka, dada mmoja alirudi kwenye meza yangu kama anayetaka chai. Chai ilikuwa imekwisha. Alikuwa kijana, amejifunika vizuri, muda wote alikaa kiti cha nyuma na sikumsikia akisema neno. Akaomba namba yangu. Akaiandika, akairudia kwa sauti ili asikosee, akaondoka.

Bado hajapiga. Simu yangu siizimi, na baibui langu nimelitundika nyuma ya mlango. Kaa kwa amani huko uliko, lalia ubavu wowote unaoutaka. Akipiga, Somo, sitatuma supu. Nitakwenda mwenyewe, nikae pembeni yake.

Mwali wako,
Siwema