Shati la Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anaolewa. Tarehe 29, mwezi huu huu! Amekuja dukani saa nne, akakaa juu ya meza yangu ya kukatia kama alivyokuwa akikaa utotoni, akaniambia huku anachezea chaki. Si hapa. Mji mdogo wa mlimani, safari ya siku nzima kwa basi. Loji yenye vyumba vinane, wageni ishirini, sherehe bustanini. Hakuna ukumbi, hakuna kamati, hakuna maspika. Kitu kidogo tu, Mama, bila presha.

Kwa nini kule? Eti kuna baridi nzuri. Baridi! Mtoto huyu analala na soksi mwaka mzima.

Hapa pana kitu.

Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Kwake yeye jibu ni jepesi: harusi ya haraka, ya mbali, watu wachache — kuna mimba. Nikamwambia nitajua leo leo. Binti alipopita kupimwa gauni nikazungusha tepu. Kiuno 68, kilekile cha mwaka jana. Nikarudia. Akacheka, akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta sehemu ya kuweka zipu.

Mimba hakuna. Mdogo wangu sasa amehamia kwa bwana harusi: labda ana mke kule. Nimekata simu. Lakini silali vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Bwana harusi amekuja kusalimia. Nitamwita Mpole mpaka nimwamini. Ni fundi wa lifti, anaongea polepole, anaomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Mwanamume asiye na kosa hata moja ananitia wasiwasi.

Nikamhoji. Aliwahi kuoa? Hapana. Ana mtoto? Hana. Na kule mlimani ana nani? Hapo akakohoa. Akamtazama kwanza binti yangu, ndipo akasema, mjomba. Mjomba wake mwenyewe, mpaka aombe ruhusa ya kumtaja?

Alipokuwa anaaga, mlangoni, akaniuliza, "Mama, hivi mtu akikukosea sana, unaweza kumsamehe?" Nikamwambia inategemea kafanya nini, na kwamba mkasi wangu huwa mkali. Hakucheka.

Ijumaa, 14 Machi

Mashati manane ya wanaume, kitambaa kimoja, rangi ya udongo. Vipimo vimekuja kwa meseji. Ovyo kabisa! Watu wamejipima kwa rula. Mmoja shingo yake eti 60 — huyo ni ng'ombe. Nimewapigia simu mmoja mmoja, nikawafundisha kujipima kwa kamba.

Pamoja na hayo yote, nafurahi. Sijui nimwambieje mtu asinicheke. Miaka ishirini na miwili ni mimi na yeye na cherehani hii, na sasa harusi yake nzima itavaa mkono wangu. Leo nimeimba nikikata.

Jumatatu, 17 Machi

Meseji ya binti: samahani, Mama, nimesahau, ongeza na la mjomba wa kule. Vipimo viko chini yake. Shati la tisa.

Huyu hakupimwa kwa rula. Kila bega limepimwa peke yake, kutoka shingoni mpaka nchani. La kulia 16. La kushoto 13 na nusu, halafu kaandika: limeshuka vidole viwili.

Hakuna anayepima mabega moja moja. Watu hupima mgongo mzima, wakamaliza. Ni mimi tu ninayepima hivi, na mtu niliyemfundisha mimi. Na mimi nilianza kupima hivi kwa ajili ya mtu mmoja.

Nimefunga duka saa nane mchana.

Jumanne, 18 Machi

Nimekata bega la kushoto bila kutazama meseji. Kisha nikalilinganisha na vipimo. Sawasawa.

Ni yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike tu. Hili ni daftari la vipimo, kurasa za nyuma hakuna anayezifungua.

Baba wa binti yangu alivunjika mfupa wa bega kabla sijamjua, akipakia mbao kwenye lori. Ukaunga vibaya. Mafundi wote walimshonea mashati yanayoning'inia upande mmoja, mimi nikamshonea la kwanza lililomkaa. Akarudi kwa la pili. Kwa la tano akaniposa. Binti alipokuwa na miaka sita akasafiri kutafuta kazi. Wiki mbili, alisema.

Baada ya miaka mitatu akatokea mlangoni mwa duka. Mchana kweupe, kofia mkononi. Akauliza, "Mtoto yupo?" Nikamwambia hayupo. Nimempeleka shule ya bweni, mbali sana, na wewe usirudi hapa. Akavaa kofia. Akaenda.

Mtoto alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Hatua tatu. Alikuwa anavaa sare mpya ya shule. Alipotoka alisema sketi inambana. Nikaipanua kiunoni, akashukuru, akaenda kucheza. Hakuuliza kitu, siku ile wala siku nyingine yoyote. Basi nikajiambia hakusikia. Nimejiambia hivyo miaka kumi na tisa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemtega binti kwenye simu. Mjomba kapimwa na nani? Eti kajipima mwenyewe. Mtu ajipime bega lake kwa nyuma! Anao mkono wa tatu? Tukarudi kwenye habari za zipu.

Kwa hiyo amemwona baba yake. Amesimama nyuma yake na tepu, tepu niliyompa mimi. Mara ngapi? Tangu lini? Alirudi kwangu akanisalimia kama kawaida, akala na mimi meza moja!

Kile nilichokata Jumanne nimekitupa, nikakata upya. Shati limekwisha. Mabega nimeyafanya sawa, 16 kwa 16. Wakisema ni mjomba wa Mpole, basi na avae shati la mjomba wa Mpole. Limning'inie mbele ya watu wote ishirini.

Mdogo wangu nimemweleza. Anasema nisiende, niwaachie harusi yao. Nikamwuliza, nani atamfunga zipu? Nusu saa nikalia juu ya gauni, nikalifuta kwa kanga. Halikushika doa.

Alhamisi, 27 Machi

Tumefika. Mgongo umekufa ganzi kwa basi. Mama mwenye loji katoka mbio, kamkumbatia binti yangu. "Umerudi tena, mwanangu! Chumba kilekile?" Tena! Kilekile! Binti akainama kufunga kamba za viatu. Vilikuwa vimeshafungwa.

Bustani ni nzuri, siwezi kusema uongo. Viti vimepangwa nusu duara, vya kulia chakula, kila kimoja na umbo lake. Mbele, upande wa bibi harusi, viti viwili vya wazazi. Nikakichukua kimoja nikakipeleka jikoni. Nilipomaliza chai kilikuwa kimerudi mahali pake. Sikumwona aliyekirudisha, na kila niliyekutana naye alinitabasamia.

Ijumaa, 28 Machi

Saa nne kasoro asubuhi. Wamenipa chumba cha mwisho na cherehani ya kuazima, na pazia la kubadilishia nguo kwenye kona. Wanaume wanane wamekuja, wamejaribu, wameondoka. Yamewakaa wote, hata ng'ombe.

Kisha binti kaingia na gauni lake begani. Akalichukua shati la tisa kwenye msumari, akalikunja katikati, bega juu ya bega, kama nilivyomfundisha. Yakalingana. Akalishika hivyo muda.

"Hili umekosea, Mama."

Nikamwambia mimi sijawahi kukosea shati.

"Najua," akasema.

Akalilaza mbele yangu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Anakuja saa nne kulijaribu, akasema. Utampima wewe. Mimi nitakuwa hapo nyuma navaa gauni. Akaingia, akavuta pazia. Nilidhani amemaliza. Kumbe bado. "Usihangaike kupaza sauti, Mama. Nyuma ya pazia husikika kila kitu. Tangu zamani."

Alisikia.

Alikuwa na miaka tisa, akasikia, akatoka akaniambia sketi inambana! Karibu mwezi mzima namshuku kila mtu — bwana harusi, mjomba, tumbo la mwanangu, mama wa watu mwenye loji. Naona aibu. Naona na hasira pia, haijaisha, yule bwana alisema wiki mbili. Ila mtoto sikuwa na haki ya kumjibia.

Nimechukua wembe. Nimefumua bega la kushoto lote, liko wazi, nyuzi zimejaa mapajani. Pini nimezibana mdomoni. Naandika huku naisubiri saa nne.

Hatua kwenye changarawe. Nimechungulia dirishani. Amezeeka. Kofia iko mkononi, na koti lake, nani kamshonea lile koti! Limeanguka upande mmoja kama nguo kwenye kamba.

Anabisha hodi. Anauliza, sauti ileile, kama binti yupo.

Pazia halitikisiki. Hata gauni halisikiki.

Natoa pini mdomoni nipate kumjibu. Moja. Ya pili.